Chumba cha Salfa

Nkowe,
Ijumaa, 12 Julai 2024

Kwako fundi Saadi,

Assalaam alaykum. Hunijui kwa sura, ila mimi jina la duka lako nalijua, limebandikwa ubavuni mwa kompyuta ya mume wangu. Ni Hassani wa Nkowe, yule mpiga picha aliyekuwa anarekodi harusi na ngoma za jando huku kwetu. Kompyuta aliinunua kwako.

Hassani amefariki. Mimi nipo ndani nakaa eda, ndiyo maana naandika badala ya kuja mwenyewe. Kupiga simu pia siwezi, kwa sababu simu yake na yangu zote amezichukua mdogo wake, Mudrik, eti mali ya marehemu inakaa kwa mwanamume.

Anayekuletea mzigo huu ni jirani yangu Prisila, huwa anakuja huko kila Jumamosi kuchukua mitumba. Ndani ya boksi la sabuni kuna diski. Nimeitoa kwenye kompyuta kwa bisibisi ya cherehani yangu. Kabla ya hapo ukiwasha ilikuwa inagonga ko, ko, ko, kisha kioo kinabaki cheusi.

Nataka kitu kimoja tu humo. Tarehe 12 Mei Hassani alirekodi video akiwa kitandani, ananielekeza namna ya kupuliza salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho, maana alishajua msimu huu hatafika shambani. Kamera niliishika mimi. Nitolee hiyo video. Harusi za watu na ngoma zao zikipotea, zipotee.

Fanya upesi, nakuomba. Nyumba hii inanitia kichefuchefu. Mudrik amehamia chumba cha wageni tangu matanga. Anavaa kandambili za kaka yake, anakunywa kwa kikombe cha kaka yake, na juzi nimemkuta uani anapiga mswaki kwa mswaki wa kaka yake. Mswaki wa maiti, fundi. Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika chai yote.

Nimekuwekea korosho nilizobangua mwenyewe.

Raudha,
mjane wa Hassani


Nachingwea,
Jumamosi, 20 Julai 2024

Shemeji Raudha,

Waalaykum salaam. Pole sana. Habari hii sikuwa nayo kabisa, na imenishtua kuliko ninavyoweza kuandika. Hassani alikuwa mteja wangu wa tangu duka likiwa meza moja na mwavuli. Alikuwa hapendi haraka, alikuwa anakaa hapa anakunywa kahawa yangu na kunifundisha kazi yangu mwenyewe. Amefariki tarehe ngapi hasa? Niandikie, nataka kumsomea dua kwa siku yake.

Sasa tuje kwenye diski yako. Shemeji, mimi nimefungua kompyuta za watu miaka kumi na nne. Nimekuta mende na mayai yao, nimekuta panya amezaa ndani ya feni, nimekuta wali. Lakini mzigo wako ulinifanya nifungue dirisha. Una unga wa njano mpaka kwenye matundu ya skrubu, na unanuka kama yai lililosahaulika kabatini. Hiyo diski ilikuwa inalala wapi?

Nimefungua kile kibao cha kijani cha chini. Pale kinapogusana na diski yenyewe kuna vituo vidogo vya shaba vya kupitisha umeme, vinatakiwa kung'aa. Vya kwako ni vyeusi kama sufuria ya kuni, vimeliwa na huo unga. Umeme haupiti vizuri, sindano ya kusomea inatafuta njia haipati, inarudi, inatafuta tena. Ndiyo hiyo ko, ko, ko. Nitasugua kwa kifutio cha penseli, nitapitisha spiriti, halafu tutaona. Usikate tamaa kwanza, wala usimpe mtu mwingine aiguse. Huku mjini wamejaa vijana wanaopiga diski kwa nyundo wakiita ufundi.

Ukiwa na shida nyingine yoyote ya duka, barua za maombi, mikataba, vyeti, picha za pasipoti, tupo.

Wako katika ujenzi wa taifa na afya njema,
Saadi


Nkowe,
Ijumaa, 26 Julai 2024

Kwako fundi Saadi,

Ahsante kwa pole na kwa dua. Alifariki Jumatano, tarehe 29 Mei, tukamzika kesho yake.

Umeuliza diski ilikuwa inalala wapi. Ililala na salfa. Hassani mwenyewe alitaka mifuko ya salfa ikae ndani, chumba kilekile cha kompyuta, kwa sababu ikikaa bandani inaibwa. Msimu wa mwaka jana ilikaa hapo, na wa mwaka huu ikaja ikapangwa juu ya ile iliyobaki. Miwili imepasuka. Hata kwenye video anasema, salfa isilale nje. Mimi nikatii. Sasa unaniambia utii wangu ndio umekula hiyo video.

Nikuambie kwa nini naitaka, usije ukadhani nataka sura ya mume tu nilie nayo.

Siku ya arobaini, watu wameshakula pilau, vidole bado vina mafuta, Mudrik alisimama katikati ya uwanja akatoa karatasi. Akasema kaka yake alinipa talaka tatu tarehe 3 Aprili, kwa maandishi, ila aliona haya kuitangaza kwa sababu anaumwa na mimi ndiye ninayemwogesha. Akasoma mistari miwili, akakunja, akaweka mfukoni. Halafu akakaa akaomba aongezewe nyama. Watu ambao watoto wao nimewapokea kwa mikono yangu wakizaliwa walikuwa wanachungulia mlango wangu kama wanachungulia choo kilichobomoka.

Tangu siku hiyo neno lake ni moja, mtalaka hakai eda ya mtu. Analisema huku anakula ugali wangu. Nikipita na ndoo anapima chumba kwa hatua, anahesabu kwa sauti.

Sheikh wetu wa hapa amesema atatusikiliza sote kabla eda yangu haijaisha, na itaisha mwanzoni mwa Oktoba. Akiona talaka ni ya kweli, mimi si mjane, sina fungu, na sitalala humu hata siku moja. Mtoto hatukujaliwa, kwa hiyo hakuna wa kunishikia mlango. Sasa, kwenye ile video Hassani anasema hivi, nakumbuka kila neno: "Raudha mke wangu, msimu ukikukuta ndani ya eda, usitoke kwenda shamba, tafuta mtu akupulizie." Mwanamume aliyeacha mke kwa talaka tatu mwezi wa nne, mwezi wa tano anamwachia maagizo ya eda yake?

Ndiyo hiyo ninayoitaka. Nakutegemea wewe.

Raudha,
mjane wa Hassani


Nachingwea,
Jumamosi, 3 Agosti 2024

Bi Raudha,

Nimepokea barua yako. Nasikitika kukujulisha kwamba diski haikupona. Baada ya kusafisha vituo ilizunguka kidogo, lakini sindano ilishakwaruza sahani ya ndani, na sehemu iliyokwaruzwa hairudishwi na mtu yeyote, hata Dar es Salaam. Video zilizokuwamo zimepotea zote.

Nakushauri kwa nia njema usiendelee kutumia nguvu hapo. Mambo ya ndugu mara nyingi yanaisha kwa kukaa na kuzungumza. Pengine shemeji yako ana upande wake ambao hujausikia vizuri. Wewe bado una nguvu, na kwenu Narung'ombe najua una kaka.

Diski nitaitupa mimi mwenyewe, usijisumbue kumtuma Prisila.

Saadi


Nkowe,
Ijumaa, 16 Agosti 2024

Saadi,

Salamu sina.

Barua ya kwanza nilikuwa shemeji yako. Ya pili nimekuwa Bi Raudha, na Mudrik ndiye amekuwa shemeji mwenye upande wake. Niliisoma nikajiuliza, huyu fundi ameng'atwa na nini? Mwezi uliopita ananieleza mpaka rangi ya vituo, leo ananiambia nizungumze na mtu anayepiga mswaki wa maiti. Na kaka yangu wa Narung'ombe umemjuaje? Sikumwandika popote. Ni Hassani ndiye alikuwa anamtaja, tena kwa watu aliowazoea.

Wiki iliyopita sheikh alimwambia Mudrik atoe ile karatasi, kisha sheikh akaitoa nakala ya kivuli na kuniletea, akasema ni haki yangu kuisoma. Nikaisoma. Imechapwa vizuri, mistari imenyooka, jina langu limeandikwa kwa herufi nzito kama tangazo la mnada. Nikafika mwisho.

"Wako katika ujenzi wa taifa na afya njema, Hassani."

Mume wangu mwezi wa nne alikuwa hashiki hata uji tumboni, anatapika nyongo kwenye beseni, na barua ya kuniacha ameifunga kwa afya njema. Nikaenda kutoa barua yako ya kwanza chini ya godoro. Nikaziweka pamoja kwenye mwanga wa mlango. Nikatoa na ya pili. Ya pili mwisho umeukata, umeweka jina tu, kama mtu anayefuta nyayo zake lakini amesahau zile za mwanzo.

Duka lako ndilo lililonipa talaka.

Nimeshika barua zako mbili kwa ncha za vidole, na nimenawa mikono kwa majivu. Mudrik nilishamzoea, namjua ni mtu wa namna gani. Wewe ulinipa pole. Ulisema utamsomea dua.

Nijibu mambo mawili tu. Uliichapa lini? Na diski yangu iko wapi?

Raudha,
mjane wa Hassani


Nachingwea,
Jumamosi, 24 Agosti 2024

Shemeji Raudha,

Naliandika neno hilo nikijua huenda ukalitemea mate.

Niliichapa Jumatatu, tarehe 3 Juni. Hassani alikuwa na siku nne kaburini na mimi sijui. Mudrik alikuja asubuhi, nilimjua kwa sababu aliwahi kuja na kaka yake. Nikamuuliza, kaka hajambo? Akasema anaumwa, kanituma. Akanisomea maneno kutoka kwenye karatasi ya daftari na mimi nikachapa.

Sitakudanganya kwamba sikusoma. Sisi wenye maduka ya kuchapa tunapenda kusema hivyo, kwamba vidole vinachapa na kichwa kiko kwenye redio. Watu wanakuja na talaka, wanakuja na vitisho, wanakuja na barua za mwenyekiti wa kijiji ambaye hayupo, tunachapa, tunaweka mwisho mzuri, tunaita anayefuata. Lakini jina la Hassani nililiona. Nilijua ana mke anampenda, maana kahawa yangu yote aliinywa akikusifia wewe na mboga zako za kisamvu. Nikasema moyoni, haya ni mambo ya watu. Mudrik akaniambia weka tarehe 3 Aprili. Nikaweka. Akaomba kalamu akasaini mbele yangu, kabla ya hapo alijaribu ile saini mara mbili nyuma ya kile kikaratasi cha daftari. Kikaratasi alikiacha mezani. Ninacho mpaka leo, nilikitumia kuweka alama kwenye kitabu changu cha kumbukumbu, na kwenye kitabu hichohicho ipo siku aliyokuja na jina lake.

Barua yako ya kwanza ilipofika, niliposoma neno mjane, ndipo nilipoanza kuogopa. Nilikuuliza tarehe ya kifo nikasema ni kwa ajili ya dua. Haikuwa dua. Nilitaka nitoke salama, nilikuwa naomba unijibu kwamba amefariki mwezi wa saba.

Na diski haikufa. Ilifunguka siku ileile ya kwanza, kabla sijamaliza kukuandikia kwamba nitaisugua. Kifutio cha penseli na spiriti, basi, ikazunguka. Nikainakili kipande kwa kipande kwa siku mbili, pale inapokwama nakiruka kile kipande halafu nakirudia. Harusi nyingine zimeharibika. Video yako ni nzima. Niliitazama. Anasema kila neno uliloniandikia, na baada ya hapo anakwambia, "Usinikate kichwa kwenye picha, na wewe," halafu unacheka, halafu kamera inatikisika na anacheka yeye mpaka anakohoa. Nilikuwa nakula korosho zako. Ile iliyokuwa mdomoni nilishindwa kuimeza, nikaitema kwenye kiganja, nikabaki naiangalia.

Baadaye nikakaa nikakuandikia kwamba imekufa.

Prisila anakuletea diski mpya yenye nakala. Ile ya zamani naendelea kuitunza huku iwe ushahidi. Mpe sheikh aone. Mimi naomba unisitiri. Nikisimama mbele za watu niseme nilichapa talaka ya maiti, nani ataniletea tena karatasi yake? Nina watoto watatu shuleni, na hili duka ndilo ugali wao.

Saadi


Nkowe,
Ijumaa, 30 Agosti 2024

Saadi,

Sheikh ameiona video kwenye kompyuta ya mwalimu mmoja. Alifuta macho. Mudrik naye aliitazama yote, miguu imo kwenye kandambili zilezile, akasema tarehe ya kamera anaiweka mtu anavyotaka, na kwamba kaka yake alikuwa anaweweseka kwa homa, anamwita kila mtu mke wangu. Alisema hivyo, na mate yapo pembeni mwa mdomo wake. Sheikh akasema ni kweli tarehe ya kamera inabadilishwa.

Kwa hiyo diski haitoshi. Haiwezi kuulizwa swali. Wewe unaweza.

Kikao ni hapa uwanjani kwangu, Jumapili, tarehe 8 Septemba, baada ya adhuhuri. Mimi nitakuwa ndani nyuma ya pazia, sitakuona na wewe hutaniona. Njoo na kitabu chako na hicho kikaratasi. Barua yako ningeweza kuipeleka mwenyewe ikasomwa, ninayo. Lakini sitaki karatasi nyingine isomwe uwanjani kwangu. Nataka mtu aseme kwa mdomo wake.

Watoto wako wanakula ugali. Nimekusikia. Na mimi nitakula wapi?

Njoo.

Raudha,
mjane wa Hassani


Nachingwea,
Jumamosi, 21 Septemba 2024

Shemeji Raudha,

Sikukusikia hata kukohoa nyuma ya lile pazia. Nilipokuwa naeleza nilikuwa naliangalia, nikasahau kuwatazama watu. Nilipofika kwenye kile kikaratasi chenye saini mbili, mzee mmoja alitema mate chini, na mpaka leo sijui alimtemea Mudrik au mimi.

Polisi wameniita mara mbili kuandika maelezo juu ya ile saini ya Mudrik. Duka la kuchapa la jirani wamebandika tangazo, hapa hatuchapi uongo, na wateja wananipita wanaingia kwao, wakati najua na wao wanachapa. Sikulaumu.

Nakurudishia na ile diski ya zamani, polisi wamesema hawaihitaji. Nimeisafisha unga wote.

Nina maombi mawili. La kwanza, barua zangu, hasa ile ya tarehe 24 Agosti, uzichome. Nimekiri mengi mle, na mtu akiziona zikiwa zimekaa hivyo zinaweza kunifunga kesho na keshokutwa. La pili, niandikie japo mstari mmoja kwamba umenisamehe. Nimeacha ile kauli yangu ya mwisho wa barua. Kila nikifika hapo vidole vinasimama.

Saadi


Nkowe,
Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Kwako Saadi,

Assalaam alaykum. Eda yangu imeisha jana. Nimeoga, nimebadili nguo, nimetoka mpaka barabarani na kurudi. Ningeweza kupanda bodaboda nije huko nikuambie haya usoni, lakini nimeona mimi na wewe tumezoeana kwa karatasi.

Ulikuja. Sitasema hukuja. Nilikuwa nimesimama muda wote, mkono nimeutia mdomoni nisitoe sauti. Sheikh alipouliza siku gani, ukasema tarehe tatu mwezi wa sita, akatamka palepale kwamba talaka ile si ya kweli. Mudrik aliondoka magharibi ya siku ileile. Kandambili aliziacha mlangoni, nikazishika kwa kijiti nikazitupa shimoni. Kikombe pia, na mswaki. Kitanda cha wageni nimekimwagia maji ya moto mara tatu na bado nikipita naziba pua.

Zile sehemu za mikorosho ambazo hazikupulizwa zimeota ukungu mweupe. Zilizobaki zitanitosha.

Video nimeitazama mara moja. Kumbe nilimkata kichwa kweli. Diski zote mbili nimezifunga kwenye kanga yangu ya harusi, zipo chumbani ninapolala, salfa haifiki.

Sasa maombi yako. Hilo la mstari mmoja, nimekaa nalo wiki mbili. Nikikumbuka ulivyosimama uwanjani, kalamu inataka. Nikikumbuka korosho zangu mdomoni mwako halafu ukaandika imekufa, naiweka chini. Kwa hiyo leo sina huo mstari. Nikiupata nitamtuma Prisila.

Barua zako sijazichoma. Sitampa mtu yeyote, kwa hilo lala usingizi. Nimezipanga zote nne kwenye lile boksi la sabuni, nikaliweka juu ya mifuko iliyopasuka, kwenye chumba cha salfa. Shaba inaliwa na salfa kwa misimu miwili, umeniambia mwenyewe jinsi ulivyoikuta. Karatasi sijui. Msimu ujao nikienda kuchukua salfa nitafungua niangalie.

Raudha,
mjane wa Hassani